Herufi A na Kidole Kidogo: Kwa Nini Vitufe vya Kibodi Vilikuwa Vizito

Mwaka juzi, wakati naandika tasnifu, shangazi yangu alikuja kukaa kwetu wiki mbili akifuatilia mambo ya mirathi. Siku moja akaniomba laptopu aandike barua. Nikampisha mezani. Alipoanza kutaipu, meza nzima ikatikisika, na kikombe changu cha chai kikawa kinasogea chenyewe.

"Shangazi, taratibu, utaivunja."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Mwanangu, mbona kidude chenyewe hakina nguvu? Nabonyeza, sijui kama imeingia au haijaingia."

Shangazi alianza kazi ya karani wa taipu mwaka 1981, katika ofisi moja mjini Tanga, na alipiga mashine za mkono kwa zaidi ya miaka kumi kabla kompyuta hazijafika mezani kwake. Kustaafu amestaafu, ila vidole vyake havijapata habari hiyo.

Kichekesho ni kwamba wakati huo mimi nilikuwa tayari nimepokea kibodi niliyoiagiza kwa pesa ya kudunduliza. Ilikuwa kibodi ya mekanika, yaani ile ambayo kila kitufe kina swichi yake na springi yake, na swichi nilizochagua zilikuwa nzito kwa makusudi. Nilishawishiwa na video za mtandaoni: eti swichi nzito ni za watu makini, eti ukizizoea hukosei herufi. Baada ya mwezi mmoja, kidole kidogo cha mkono wangu wa kushoto kilianza kuuma, na maumivu yakawa yanapanda mpaka karibu na kiwiko.

Basi nyumba moja ikawa na watu wawili wa ajabu. Mmoja anapiga vitufe vyepesi kana kwamba ni vizito. Mwingine amelipa pesa ili vitufe vyake viwe vizito. Nikajiuliza: huu uzito ulitoka wapi, ulikuwa unafanya kazi gani, na kwa nini haukuondoka kazi yenyewe ilipokwisha?

Kidole kilipokuwa injini

Hebu turudi Marekani, mwaka 1874. Kiwanda cha Remington, ambacho kilijulikana zaidi kwa bunduki na cherehani, kilianza kuuza taipureta iliyobuniwa na Christopher Sholes na wenzake wa Milwaukee. Iliandika herufi kubwa tu, na mpangilio wake wa herufi ndio mama wa huu wa QWERTY ulio mbele yako sasa.

Katika mashine ya namna ile hakuna umeme wala mota. Ukibonyeza kitufe, vyuma vilivyoungana vinaurusha mkono mwembamba wa chuma wenye herufi kichwani. Mkono ule unaugonga utepe wa wino, utepe unaigonga karatasi, na karatasi inategemea rola ya mpira iliyo nyuma yake. Pigo hilohilo la kidole linausogeza utepe na kuifungulia rola ihame nafasi moja. Kazi yote hiyo inatoka kwenye kidole chako, na kitufe kinashuka zaidi ya sentimita moja. Cha laptopu yako hushuka milimita moja au mbili tu.

Kwa hiyo uzito wa kitufe haukuwa uamuzi wa mbunifu. Ulikuwa gharama ya kazi, kama uzito wa mpini wa pampu ya kisima: ukitaka maji, lazima usukume.

Na kazi iliweza kuongezeka. Ukitaka nakala, unapachika karatasi za kaboni katikati ya karatasi nyingine, na kila nakala ya ziada inadai pigo kali zaidi. Walimu wa zamani watakumbuka stensili, ile karatasi yenye nta iliyotumika kuzalisha mitihani ya shule. Hapo utepe wa wino unaondolewa njiani ili herufi ikate nta yenyewe. Ukipiga kwa unyonge, herufi haitoki. Ukipiga kwa hasira, herufi "o" inatoboka na kudondoka, na mtihani mzima unatoka na mashimo meusi. Shangazi anasema watu waliokuwa wanasifiwa ofisini kwao si wale waliotaipu haraka, bali wale waliokata stensili safi.

Halafu kuna kitufe cha shifti. Mashine ya Remington ya mwaka 1878 ilileta herufi kubwa na ndogo pamoja kwa kuiwekea kila mkono wa chuma herufi mbili. Ili upate herufi kubwa, ilibidi rola nzima ihame, au kwa mashine za aina nyingine, kapu zima la mikono ya chuma lishuke. Na kidole kilichopewa kazi hiyo ni kipi? Kile kidogo, mnyonge kuliko wote.

Hilo lilitokana na mtindo wa kutaipu wenyewe. Miaka ya mwanzo watu wengi walitaipu kwa vidole vichache huku wanaangalia vitufe. Mwezi Julai mwaka 1888, mjini Cincinnati, mwandishi wa mahakama aitwaye Frank McGurrin alimshinda mpinzani wake katika shindano la hadharani kwa kutumia vidole vyote bila kutazama. Ushindi ule ulisaidia sana kueneza mtindo wake. Tangu hapo kila kidole kilipewa nguzo yake ya herufi, na kidole kidogo cha kushoto kikapewa Q, A na Z, pamoja na shifti ya upande wake. Shikilia hiyo A, tutairudia.

Umeme unaichukua kazi

Mwaka 1933 kampuni ya IBM ilinunua kiwanda kidogo cha taipureta za umeme, na mwaka 1935 ikatoa mashine iliyoitwa Electromatic. Ndani yake kulikuwa na mota inayozungusha rodi muda wote. Ukibonyeza kitufe, unachofanya ni kuushikisha mkono wa herufi na ile rodi inayozunguka, na rodi ndiyo inayoupiga mkono kwenye karatasi.

Ona kilichobadilika. Kidole kimeacha kuwa injini. Sasa kinatoa amri tu, na mota inafanya kazi. Herufi zote zinatoka na weusi uleule, iwe umepiga kwa kidole cha shahada au kwa kidole kidogo.

Julai 1961 IBM ikatoa Selectric. Mikono ya chuma iliondolewa, na mahali pake pakawekwa kijitufe cha mviringo chenye alama 88, kinachozunguka na kujigonga kwenye karatasi. Makarani wengi waliipenda, si kwa sababu ya kasi pekee, bali kwa jinsi ilivyoitikia vidole.

Kompyuta ilipokuja, kazi ya kidole ikaisha kabisa. Kibodi ya kompyuta inahitaji jambo moja tu: mkondo mdogo wa umeme uguswe au uhisiwe, ijulikane kwamba kitufe fulani kimebonyezwa. Kwa upande wa mashine, uzito wa unyoya ungetosha.

Sasa mbona vitufe havikuwa vyepesi kama unyoya?

Uzito unapewa kazi mpya

Kwa sababu waliokaa mbele ya kompyuta za kwanza za ofisini walikuwa watu wa aina ya shangazi. Swali lao lilikuwa lilelile: imeingia au haijaingia? Kwenye taipureta jibu lilikuja lenyewe, kwa mlio, kwa mtetemo, na kwa herufi nyeusi mbele ya macho. Kwenye kompyuta ilibidi mtu alibuni jibu hilo na kulipachika ndani ya kitufe.

Mhandisi wa IBM, Richard Hunter Harris, ndiye aliyepata moja ya majibu mazuri. Hataza yake ilitolewa mwaka 1978, na wazo lenyewe unaweza kulijaribu nyumbani. Chukua njiti moja ya ufagio wa chelewa, isimamishe wima kwenye meza, kisha ibonyeze kwa juu taratibu. Mwanzoni inakataa. Inazidi kukataa. Halafu ghafla inapinda katikati, na kidole chako kinahisi ukinzani umepungua papo hapo.

Harris alifanya hivyo kwa springi. Kila kitufe kilikaa juu ya springi nyembamba ya wima. Ukikandamiza, springi inapinda ghafla, inagonga ukuta wa tundu lake kwa mlio mkali, na wakati huohuo inakisukuma kibamba cha chini kinachoiambia kompyuta kwamba herufi imeingia. Sikio linasikia na kidole kinahisi, yote kwa mara moja. Springi hizo ziliwekwa kwenye kibodi ya kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981, na baadaye kwenye ile maarufu ya Model M, ambayo peke yake ina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Nguvu ya kupindisha springi moja ni kama gramu 60 hadi 70.

Gramu 60 ni kiasi gani? Ni yai la kuku. Kila herufi, yai moja juu ya kidole.

Kwa hiyo uzito uliokuwa gharama ya kazi sasa ukawa ujumbe. Springi haikuwa inachapa chochote. Ilikuwa inaongea na kidole.

Miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1980, kampuni ya Cherry, iliyoanzishwa Illinois mwaka 1953 na baadaye ikaota mizizi Ujerumani, ilitoa familia ya swichi iitwayo MX. Mojawapo, MX Black, haina mlio wala kigingi. Inashuka moja kwa moja, na kadiri unavyoisukuma ndivyo springi inavyozidi kukataa. Herufi inaingia ukifika milimita 2, nusu ya safari yake ya milimita 4, na hapo nguvu inayotakiwa ni sentinyutoni 60. Sentinyutoni moja ni karibu sawa na uzito wa gramu moja, kwa hiyo tumerudi kwenye lile yai.

Hapa uzito ulikuwa na kazi tofauti. Swichi hizi zilitumika sana kwenye vifaa vya kazi kama mashine za kaunta za maduka, mahali ambapo kidole kikigusa kitufe kwa bahati mbaya, bei inaharibika. Springi ngumu ni mlinzi wa mlangoni: hakuna anayeingia bila kukusudia.

Baadaye zikaja nyingine. MX Green ni sentinyutoni 80, yaani yai na vijiko vitano vya chai vya sukari juu yake. MX Red ya mwaka 2008 ni Black iliyowekewa springi laini, sentinyutoni 45. Wapenzi wa kibodi wakaanza kubishana nani ana vidole vya kiume, na ndiyo mabishano yaliyonila pesa yangu.

Hesabu mbili zinazogombana

Tupige hesabu. Karani mzuri anataipu maneno 60 kwa dakika. Tukichukulia neno moja ni mapigo matano, hayo ni mapigo 300 kwa dakika, sawa na 18,000 kwa saa. Zidisha kwa gramu 60, unapata kilo 1,080. Zaidi ya tani moja kwa saa moja! Ukitumia springi ya gramu 45, jumla inashuka hadi kilo 810.

Hesabu hii inatisha, na utaikuta mahali pengi. Lakini ukiwa mwanafunzi wa sayansi inakupasa uitilie shaka. Fizikia inasema kazi ni nguvu mara umbali, na umbali wa kitufe ni milimita 4 tu. Nguvu ya wastani ya nyutoni 0.6, mara mita 0.004, inatupa jouli 0.0024 kwa pigo. Zidisha kwa 18,000: jouli 43 hivi. Hiyo ni nishati ya kuinua chupa ya maji ya lita moja kwa kimo cha mita nne na kitu. Mara moja, kwa saa nzima. Mtoto anayepandisha chupa hiyo ghorofani amefanya kazi ileile.

Basi mkono unauma kwa nini?

Kwa sababu mkono haulipi kwa jouli. Kidole kinavutwa na misuli iliyo kwenye kigasha, kupitia kano nyembamba zinazopita kwenye kifundo kama kamba kwenye gidamu. Kinachozichosha ni kuvutwa tena na tena katika mkao uleule, bila kupumzika. Kwa hiyo uzito wa kitufe una maana, lakini si kwa njia ya ile tani moja.

Na hapa ndipo nilipomwelewa shangazi. Mwaka 1994 Thomas Armstrong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha vipimo vya nguvu ambayo watu wanatumia kweli wanapotaipu. Walikuta kwamba watu wanapiga kwa nguvu kati ya mara mbili na nusu na karibu mara nne ya ile ambayo kitufe kinahitaji. Karibu kila pigo linaenda mpaka chini na kugonga sakafu. Nguvu ndogo zaidi ilipatikana kwenye kibodi yenye vitufe vyepesi zaidi. Miaka michache baadaye utafiti wa David Rempel na wenzake huko California ulionyesha mwelekeo huohuo: springi ikiongezwa ugumu sana, kidole kinapiga kwa nguvu zaidi na misuli ya kigasha inafanya kazi zaidi.

Maana yake ni kwamba yai linalotangazwa kwenye boksi la kibodi silo unalobeba. Unabeba mayai mawili na nusu hadi karibu manne. Mkono unakisia mashine inataka nini, halafu unaongeza juu yake, usije ukapungukiwa.

Lakini wepesi nao haukuwa dawa

Ukiishia hapo utasema: vitufe vyote vifanywe vyepesi, habari imekwisha. Historia ya Australia inakataa.

Miaka ya 1980, ofisi za Australia zilipokuwa zinaacha taipureta na kuingia kompyuta, lilizuka wimbi kubwa la wafanyakazi waliolalamika maumivu ya mikono, hali iliyojulikana kwa kifupi kama RSI. Malalamiko yalipanda, yakafika kilele katikati ya muongo, kisha yakashuka. Wengi walikuwa wanawake wa ofisini, na walikuwepo madaktari waliodai waziwazi kwamba maumivu yale yalikuwa ya akilini tu.

Cha ajabu, vitufe vya kompyuta vilikuwa vyepesi kuliko vya taipureta. Na ndani ya shirika la simu la Telecom Australia, watu wa telegrafu, waliopiga vitufe vingi mno kwa saa, walilalamika kidogo kuliko wapokeaji simu, ambao walipiga vichache. Hesabu ya mapigo pekee ikashindwa kueleza.

Maelezo mojawapo, na mimi naona yana mantiki, ni kwamba taipureta ilikuwa inakulazimisha kupumzika bila wewe kujua. Kengele inalia, unanyanyua mkono kurudisha rola. Karatasi imekwisha, unatoa na kupachika nyingine. Umekosea, unatafuta kifutio. Kompyuta iliondoa yote hayo. Mtu aliweza kukaa saa tatu bila kuhamisha kiganja. Ongeza msimamizi anayefuatilia kasi yako, na kiti kibovu, uone kama wepesi wa kitufe utakuokoa.

Pia kuna wepesi uliopita kiasi. Kitufe kikiwa chepesi mno huwezi kupumzisha vidole juu yake, kwa hiyo unavining'iniza hewani, na kuning'iniza nako kunachosha. Ndiyo maana kiwango cha Marekani cha mwaka 1988 kuhusu meza za kazi za kompyuta hakikuweka kikomo cha juu pekee. Kilitaja nguvu kati ya nyutoni 0.25 na 1.5.

Sasa turudi kwenye A

Mijadala yote hii imefanyika kwa kutazama watu wanaoandika lugha nyingine, Kiingereza hasa. Kwenye Kiingereza herufi inayotumika kuliko zote ni E, nayo iko chini ya kidole cha kati cha kushoto, kidole chenye nguvu.

Soma sentensi hii, ya kawaida kabisa ya ubao wa matangazo chuoni:

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanatakiwa kuwasilisha kazi zao.

Hesabu. Ina herufi 52. Kati ya hizo, A ni 16. E hakuna hata moja. Ongeza Z nne, ambazo nazo ni za kidole kidogo cha kushoto, unapata 20. Karibu herufi mbili kati ya kila tano zimeangukia kidole kimoja, na ndicho kinyonge. Ukichukua sentensi nyingine idadi itabadilika, lakini A itabaki juu. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na A, viambishi vyetu vimejaa A: wa, na, ya, ka, ta.

Nilipomwonyesha shangazi hesabu hii alicheka. "Sasa wewe ndiyo unajua leo? A ilikuwa inatuumbua." Akanieleza kwamba alipokuwa anajifunza, barua zake zilirudishwa kwa sababu A zote zilikuwa zimefifia, kama mtu aliyeandika kwa kalamu inayokwisha wino. Mkufunzi hakumwambia kwamba mpangilio ule haukutengenezwa kwa Kiswahili. Alimwambia apige kwa nguvu. Akapiga kwa nguvu miaka yote iliyofuata. Kidole chake kidogo cha kushoto hakinyooki vizuri siku hizi. Siwezi kusema taipureta ndiyo sababu, maana uzee nao una mambo yake, lakini yeye mwenyewe hana shaka.

Na mimi, bila kuambiwa na mkufunzi yeyote, nilikwenda kununua swichi nzito, kisha nikaandika kurasa zaidi ya mia moja za Kiswahili kwa kidole hichohicho.

Ufanye nini

Sisemi swichi nzito ni mbaya. Kuna watu vidole vyao vinatua kwa kishindo, na springi laini inawafanya wakosee kila mstari. Kuna wanaopenda tu hisia yake, na kupenda si kosa. Ninachosema ni kwamba uzito uwe na kazi unayoijua. Zamani ulichapa karatasi. Baadaye ukakujulisha kwamba herufi imeingia, au ukakulinda usiguse kwa bahati mbaya. Kama kwako haufanyi lolote kati ya hayo, unabeba mayai ya bure.

Pili, si lazima vitufe vyote viwe na uzito mmoja. Kampuni ya Topre ya Japani imekuwa ikitengeneza kibodi za Realforce ambazo baadhi yake zina gramu 30 chini ya vidole vidogo, 45 kwa vitufe vingi, na 55 kwa vichache. Mimi sikuwa na pesa hiyo. Nilinunua springi chache laini, nikafungua swichi za A, Z, Q na shifti ya kushoto, nikazibadilisha jioni moja kwa kibano cha nyusi. Maumivu yalipungua ndani ya wiki chache. Nakiri pia kwamba wiki hizohizo nilianza kunyanyuka kila baada ya nusu saa, kwa hiyo sijui nimshukuru nani kati ya springi na miguu yangu. Maumivu yako yakiendelea, au vidole vikianza kufa ganzi, muone daktari. Springi si tiba.

Tatu, pima. Weka kikombe chepesi cha plastiki juu ya kitufe, mimina mchele kidogo kidogo mpaka herufi itokee kwenye skrini, kisha peleka kikombe na mchele wake kwenye mzani wa jikoni. Hapo utajua mashine yako inataka nini. Halafu taipu aya moja na usikilize. Ukisikia meza inaitikia, jua unatoa zaidi ya ulichoombwa.

Ile barua ya mirathi shangazi hakuimalizia kwenye laptopu. Nilimpachikia kibodi yangu nzito, ile iliyoniumiza, nikiwa tayari nimeshabadilisha ile A. Akataipu mistari miwili, akasimama, akakitazama kidole chake kidogo, akabonyeza A peke yake mara tatu.

"Hii mmeilegeza," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

Akaendelea. Meza ilikuwa bado inatikisika, ila kikombe hakikusogea.